Sentensi ya Fifi

Likasi, Jumapili baada ya misa

Baba yangu,

Amani kwako na kwa Mama. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Mimi mwili mzima, Mungu asifiwe, lakini moyo hauko sawa na sitaki kukuficha. Ningepiga simu, ila najijua: nikisikia sauti yako nitalia, nawe utaanza kunituliza kabla sijasema kosa langu. Basi barua hii nimempa mke wa jirani, anakuja huko Kalemie kwa gari moshi.

Darasa langu la nne lina watoto sabini na mmoja. Wanakaa wanne wanne kwenye dawati, na dawati la nyuma limekatika mguu, tumelitegeshea tofali. Nimejifunza kuandika ubaoni nikiwa nimewapa watoto ubavu, maana ukiwapa mgongo tu, soko! Nimejifunza pia kutouliza sana. Huku kwenye machimbo, mtoto akikosa siku mbili tatu tunasema amefuata wazazi kuosha mawe, atarudi.

Na nilikuwa na simbole. Unaijua, Baba, ni ile ile uliyotuvisha sisi darasani kwako: kibao chenye kamba. Anayesema Kiswahili darasani anavishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake, na anayebaki nacho mwisho wa siku anafagia. Direkteri wetu, mkuu wa shule, anaipenda sana. Nami, nisikudanganye, niliipenda, kwa sababu darasa lilinyamaza. Nilidhani ukimya ndio elimu.

Kulikuwa na wasichana wawili wa dawati moja, Numbi na Fifi. Jumatatu moja Numbi hakuja. Fifi akanifuata mezani nikisahihisha madaftari.

"Madame, Numbi iko..."

Sikuinua hata macho. "Kwa Kifaransa!"

Akasimama. Midomo ilijaribu, hakuna kilichotoka.

"Haya, kaa. Ukikipata hicho Kifaransa, utarudi."

Wenzake wakacheka. Mimi nami nilicheka, Baba. Nilicheka!

Jumanne akawa kimya, Jumatano kimya. Alhamisi, kabla sijaanza somo, alikuja mbele, nywele zimesukwa vizuri, akasimama wima na kusema bila kukwama: "Madame, Numbi est malade. Elle est seule à la maison." Yaani Numbi anaumwa, yuko peke yake nyumbani. Sentensi safi, haina kosa hata moja. Na unajua nilifanya nini? Niliambia darasa limpigie makofi. Walikuwa bado wanapiga ndipo maneno yenyewe yakaniingia.

Nikatupa chaki, nikamshika mkono, tukakimbia mpaka kwa kina Numbi, ng'ambo ya reli. Tukakuta watu wameshaketi chini kwa matanga. Wazazi wake walikuwa wamekwenda kuchimba upande wa Shinkolobwe tangu Jumamosi, wakamwachia unga na kumwomba jirani amwangalie, na jirani mwenyewe hashindi nyumbani. Walirudi alfajiri ile wakamkuta ameshapoa. Malaria. Zahanati iko karibu na shule, Baba, karibu kabisa. Ningembeba mgongoni.

Pale kilioni mama yake Fifi alinikalia karibu, akaniambia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza: "Madame, huyu mutoto alizunguka majirani yote, anauliza namna gani banasemaka 'mugonjwa' mu Kifaransa. Minye nilizani ni kazi ya masomo, nikamufurahia. Sasa namuuliza, mbona haukuniambia minye? Anasema, Numbi alimutuma kwa Madame."

Alitumwa kwangu. Katika watu wazima wote wa mtaa ule, mtoto mgonjwa alinichagua mimi.

Simbole nimeitia kwenye moto, ikaivisha maharagwe. Direkteri amefoka, anasema inspekta akija nitaona. Acha nione. Watoto sasa wananisimulia kila kitu, nani kapigwa, nani hakula, mpaka naumwa kichwa. Fifi peke yake hasemi. Nilipiga magoti mbele yake nje ya darasa, nikamwambia kosa ni langu, si lake hata kidogo, nikamwambia kwa Kiswahili chetu hiki. Akanipita, akaingia darasani. Nyumbani anaongea, mama yake amenihakikishia. Akifika shuleni, si Kifaransa, si Kiswahili.

Sikulaumu, Baba. Hapana, acha niseme kweli, nakulaumu kidogo, unisamehe. Wewe ulivaa simbole, ukatuvisha, nami nikawavisha wengine, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza. Lakini umefundisha maisha yako yote. Uliwahi kuwa na mtoto aliyenyamaza hivi? Ulimfanyia nini? Je, alisema tena?

Nisalimie Mama, mwambie tu nakula vizuri. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi, ambaye najua atataka kuisoma barua hii, usimpe. Bibi mzaa Mama mwambie kitenge chake nimekiweka, nitakuja nacho likizo.

Ukiniandikia, anza na jibu la Fifi. Habari za nyumbani zinaweza kungoja, Baba. Yeye ana miaka kumi tu.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Riziki