Bibi Amekataa Nimsomee Injili

Mshauri mpendwa wa gazeti letu la chuo, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana nimeshinda hoja na nimempoteza bibi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzungumzaji mkuu wa klabu ya midahalo, wenzangu huniita Msumeno kwa kuwa nakata mbele na nyuma, na likizo hii nipo kwa bibi mzaa mama, anayeugua mtoto wa jicho macho yote mawili, na Alhamisi atapasuliwa jicho la kulia, wala daktari hakumwahidi kitu, basi akaniomba nimsomee Injili kila alasiri, nami nikakubali kwa moyo mweupe, ila nikachukua na kalamu nyekundu, kwa sababu msomi hasomi mikono mitupu, nikawa kila nikiona kasoro nasimama, naizungushia duara, namweleza kwamba huku kaburini kuna malaika mmoja na kule wawili, naye husema tu, "Haya, mjukuu wangu, endelea," mpaka juzi tulipofika kwa yule kipofu apigaye kelele kando ya njia, nikamwambia, "Subiri, bibi, huyu anasema kipofu ni mmoja, mwenzake anasema wawili, huyu anasema walikuwa wakitoka mjini, wa tatu anasema wakiingia," bibi akauliza, "Kwani aliona?" nikamjibu kwamba hilo si suala, suala ni idadi, naye akasema, "Funga hicho kitabu, baba. Umechoka."

Sikuwa nimechoka! Tangu hapo anayemsomea ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyeishia darasa la nne, anakuja na vidole vyenye gundi, anafuatisha mstari kwa kidole, nusu ukurasa humlia alasiri nzima, na bibi anacheka, anafuta machozi, mimi nimeketi jikoni na elimu yangu. Nilipomwambia bibi kwamba fundi anasoma vibaya, alinijibu, "Vibaya ndiyo, lakini anafika." Na sasa amesema fundi ndiye atakayemsindikiza hospitali. Nifanyeje bibi aelewe kwamba nilikuwa sahihi?

Msumeno

Ndugu Msumeno,

Pokea pongezi za jumuiya nzima ya wasomi. Karne kwa karne watawa, wafasiri na maprofesa walidhani wameisoma Injili, kumbe wote walikuwa wakikusubiri wewe, likizoni, na kalamu nyekundu! Tofauti hizo unazozitangaza kana kwamba umezifukua mwenyewe zilijadiliwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na wengi waliozijua kukushinda waliendelea kusoma wakiwa wamepiga magoti. Lakini maskini hao, hawakuwahi kutwaa kombe la midahalo.

Mimi pia nimepanda jukwaa hilo, naujua utamu wa kumwona mpinzani akikosa la kusema. Sasa niambie: bibi yako alikuwa mpinzani? Alitetea upande gani? Mama mzee anayeiona dunia kama ukungu, aliyebakiza siku chache aingie chini ya kisu, anakuuliza swali moja tu, nawe unamjibu kwa hesabu. Barua yako ni ndefu kama reli, na hata mimi hujaniambia kama kipofu yule aliona. Nashuku hukusoma mpaka hapo.

Sisemi uizime akili. Kitabu kinachoogopa maswali hakifai hata kufungia karanga. Ila kuna anayeuliza kama mwenye kiu atafutaye kisima, na kuna anayeuliza kama askari wa barabarani: gari zima haoni ila taa iliyopasuka, na safari yenyewe haimhusu. Wewe hukuiendea Injili ikuambie neno, uliiendea uipige faini. Fundi hujikwaa kwenye kila neno refu, na anajua kwamba anajikwaa. Wewe hujui. Hiyo ndiyo tofauti kati yenu, wala si darasa la nne.

Fanya hivi, na ufanye leo. Nenda kwa fundi, mwamkie kama mtu mzima anavyoamkiwa, umwombe akuruhusu uketi karibu akisoma. Kaa kimya hata akitamka "Farisayo" mara tatu kwa namna nne. Akiondoka, mwambie bibi, "Nimekosa, bibi, nisamehe," na usithubutu kuongeza "lakini". Akikukatalia, Alhamisi beba mkoba wake uwafuate nyuma. Akikukubalia, soma kisa chote cha yule kipofu bila kalamu, bila kusimama. Maswali yako yahifadhi, chuo kikifunguliwa umpelekee mhadhiri wa theolojia, yeye analipwa kuyasikiliza.

Na pale kwenye benchi la hospitali, bibi akikuuliza kama naye ataona, usimtolee hoja, wala usimpe ahadi ambayo hata daktari hakuitoa. Mwambie, "Sijui, bibi," umshike mkono, ubaki hapo hapo. Hakuna aliyewahi kunyang'anywa digrii kwa kosa hilo.