Fundi Makufuli Kwenye Skrini

Jumatatu, 20 Aprili

Mahakama imefungwa kwa sababu ya corona, ila haki haifungwi — imehamia mtandaoni! Hakimu ametangaza kwa mbwembwe, utadhani kavumbua yeye. Amekaa sebuleni kwake, juu joho, chini Mungu anajua.

Mwendesha mashtaka, ambaye mawakili tunamwita Bwana Ahirisho, akaomba kesi ya mteja wangu isogezwe. Shahidi anaogopa kutoka nyumbani. Ikasogezwa.

Mteja wangu ni fundi makufuli. Duka la jirani lilivunjwa, wakamkamata yeye. Nani mwingine anajua kufungua? Huo ndio ushahidi wote! Rumande wanalala kichwa kwa miguu, halafu wanahimizwa wasisogeleane. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimeongea naye kwa simu ya gereza, askari katega sikio pembeni. Siri ya wakili na mteja — siri ya sokoni! Anakohoa. Nikamuuliza msimamo wake.

"Sikuiba, wakili. Nikikubali, nani ataniita tena nyumbani kwake?"

Jumanne, 12 Mei

Hakimu kasahau kuwasha sauti. Kasoma uamuzi mzima bubu, kafunga faili, kaondoka. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Nami nimo.

Baadaye karani akatupigia: imeahirishwa. Kumbe!

Ijumaa, 22 Mei

Sasa kuna bei ya jioni. Eti kupunguza msongamano: ukikubali kosa, unaachiwa leo leo. Ukikana, rudi rumande ukangoje. Na wanaiita huruma!

Jana mke wa fundi alikuja ofisini. Barakoa kaishona kwa kipande cha shuka. "Dada yangu, mwambie akubali. Jina tutalisafisha akiwa hai."

Nikamjibu uamuzi ni wa mumewe. Jibu la vitabuni! Akaondoka bila kuaga.

Naandika kesi ikiendelea. Wanadhani nanukuu maelezo. Fundi katokea kwenye skrini, kakonda, kaegemea ukuta. Hakimu kasoma shtaka, kauliza: ni kweli au si kweli?

"Si—"

Kikohozi kikambana. Picha ikaganda, mdomo wazi.

Bwana Ahirisho anasema yeye kasikia "ndiyo". Mwongo mkavu! Karani anapiga simu gerezani, haipokelewi.

Hakimu kapiga mwayo. "Wakili, tusipoteze muda. Mteja wako kasemaje?"

Nimesikia vizuri sana. Mkewe ananipigia, simu inatetemeka hapa mezani. Kidole changu kiko kwenye kitufe cha sauti. Wote wananitazama, na sauti bado sijaiwasha.