Tawi la Keiko

Mtendeni, Tabora

Dada Levina, shikamoo.

Huku kitambi changu kinastawi kuliko mahindi, usicheke. Wifi yako Keiko anaendelea kuwafundisha akina mama wa jumuiya kupanga maua kwa Kijapani: tawi kavu, ua moja, bakuli la maji. Tawi la kwanza mimi nililichemshia chai.

Ila jana mtoto wa jirani alifariki, na watu wanasema bakuli lile ni la kupigia ramli, na kwamba Keiko ndiye aliyemroga. Leo hakuja mwanafunzi hata mmoja. Nikamsihi Keiko asitoke.

"Mume wangu, kwetu mtoto akifa hupelekewa ua," akanijibu, akaenda msibani na tawi lake mkononi.

Nikiwa naandika, vilio vimenyamaza ghafla. Namfuata; barua namwachia mwenye duka, aitume nisiporudi. Barua hii ikikufikia, ujue nilishindwa kumtoa huko peke yangu. Njoo.

Mdogo wako mwoga,
Hilari