Msimwite Mogire

Desemba 1973

Tryphosa, chai iko kwenye themosi. Vyombo usioshe! Nyumba hizi za likizo zina mtumishi wake, acha mambo ya kijijini kwetu Nyaramba.

Mdogo wako akiamka, mwiteni Manasseh, jina lake la kanisani. Hapa pwani msimwite Mogire.

Alfajiri nilidhani ametoroka na ule ubao wa kuteleza mawimbini. Nikasimama ufukweni nikaita, "Mogire, toka majini!" Mtu akainua mkono. Nikakimbia kumwamsha baba yenu, nikamkuta Mogire kitandani, miguu mikavu.

Jina hilo tulimrithisha kutoka kwa mjomba wenu aliyezama hapa hapa. ~~Nimeenda sokoni.~~ Nimerudi ufukweni. Nyumbani mjomba wenu hana kaburi. Labda anadhani nimekuja kumchukua.

Mama yenu, dada yake