Nafasi ya Pili Niliiacha Tupu

Jumatatu, 4 Mei

Baba,

Nimemkamua ng'ombe wako Sofia asubuhi. Nusu ndoo. Bado anageuza shingo kutazama mlango wa boma, akikungoja. Tunazoeana polepole.

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Siku ile ya kunyolewa sote tulibaki vipara, hata Mama. Sasa nywele zinaota. Zinawasha.

Sirudi chuo cha Pwani. Nimeamua. Ulipougua nilisafiri siku mbili, nikakukuta umeshaacha kuzungumza. Sitaki umbali huo tena. Nimepata fomu ya uhamisho. Ina nafasi mbili za kuandika vyuo. Inapelekwa kwenye chuo cha chaguo la kwanza, mwisho Ijumaa. Nikichelewa, nangoja mwaka mzima.

Chaguo la kwanza: Bungoma au Kitale?

Jumanne, 5 Mei

Nimeenda Bungoma mjini. Nimepiga picha ya pasipoti, halafu chuoni. Pazuri. Karani mpole. Kutoka nyumbani ni nusu saa kwa bodaboda. Lakini hawafundishi kazi ya maziwa. Wangeniweka kwa biashara, mwaka wa kwanza, kana kwamba sijawahi kusoma.

Kitale wanaifundisha, na ningeingia moja kwa moja mwaka wa pili.

Naipenda kazi hii. Ulikuwa ukinusa kifuniko cha mtungi kabla ya kunusa maziwa yenyewe. Kule Pwani mwalimu alitufundisha jambo hilo wiki nzima. Mimi nililijua nikiwa na miaka saba.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Palizi imesimama. Fomu bado tupu.

Alhamisi, 7 Mei

Baba mdogo Barasa amekula kwetu mchana. Mama ndiye aliyemwita, najua.

"Ati maziwa yanasomewa diploma?" akasema. "Si hata paka anayajua, bana."

Mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi, kwa hivyo sikuweza kukasirika vizuri.

Kisha Baba mdogo akasema niandike Bungoma. Nikienda Kitale, ng'ombe atakamuliwa na nani?

Baba mdogo alipoondoka tulikuwa tunaosha vyombo. Mama akasema bila kunitazama, "Mimi nilikamua ng'ombe kabla babako hajanijua. Si ng'ombe. Ni hii nyumba, jioni."

Hapo nikaelewa. Nimelia kidogo. Nimemwahidi kwamba kila Ijumaa jioni nitakuwa hapa. Akakubali kwa kichwa, akaendelea kusugua sufuria.

Nimeandika Kitale mbele yake. Nafasi ya pili nimeiacha tupu. Kazi ninayoitaka ni moja.

Ijumaa, 8 Mei

Nilifika Kitale kabla ya saa nne. Senge Rosa, dada yako, alikuwa akinisubiri langoni mwa chuo, kitambaa kichwani, ndizi mkononi. Hawezi kumpokea mtu bila ndizi.

Msajili ni mama wa miwani. Aliweka fomu kando ya kitambulisho changu cha Pwani. Kwenye kitambulisho nimesuka nywele hadi mabegani. Kwenye picha ya fomu nywele ndio kwanza zinaota. Kosa langu. Nyumbani kila mtu yuko hivyo, sikuwaza.

"Hawa ni watu wawili," akasema. "Lete picha inayofanana na hii."

Picha za zamani zilibaki Pwani. Nikamwambia hizo nywele zitachukua mwaka kufika hapo.

"Basi tuonane mwaka ujao."

Nikaikumbuka ile nafasi tupu. Nikaogopa sana.

Senge alifungua kitambaa, akakikunja, akakiweka mezani. Kichwa kama changu, ila kina mvi fupi kama majivu. Mama wa miaka sitini, ofisini mwa watu, kichwa wazi.

Msajili akatutazama kwa zamu. "Mmezika nani?"

"Kakangu," Senge akasema. "Babake huyu."

Msajili akavua miwani. Akasema alipomzika mamake alirudi kazini amenyolewa, na mlinzi akakataa kumfungulia lango. "Miaka minane ananisalimia. Siku hiyo ananiuliza, wewe ni nani?"

Tukacheka wote watatu. Akaandika maneno machache kando ya picha yangu, akagonga muhuri.

Nje, Senge akafunga kitambaa chake upya na kunipa ndizi. Nilikula zote.

Jumapili, 17 Mei

Ujumbe umekuja kwa simu jana. Nimepokelewa, mwaka wa pili. Naanza Jumanne.

Leo Mama ndiye aliyekamua. Nusu ndoo, sawa na mimi. Akanusa kifuniko kwanza. Sofia hakutazama mlango. Nilifurahi, na pia iliniuma.

Naondoka na kifuniko chako kimoja, kile cha buluu chenye alama ya meno yako.

Huko uliko, Baba, unikumbuke.