Usikate Miti Yote ya Kiwanja

Likasi, mwezi wa tano

Mjukuu wangu Kalenga,

Huku tuko wazima, ila mama yako mdogo anakohoa kwa baridi. Umeniuliza kama ukate miti yote ya kiwanja chako cha Kapolowe, ili moto wa kiangazi usile nyumba unayojenga.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alitaka hivyo hivyo. Kwetu huwezi kukata mti bila kumwuliza chifu. Chifu alikuja, akazunguka nyumba, akaonyesha miti miwili iliyolalia paa letu la nyasi.

"Kata hii. Ile mingine, acha."

"Na moto?"

"Weye unaogopa miti, na majani iko inakucheka!"

Baba alikata yote. Mvua ziliponyesha, majani ya chini yalipata jua, yakaota kupita kimo cha mtu. Kiangazi, moto wa pori uliyafuata hadi paani. Sisi tulitoka, nyumba ikateketea. Kwa jirani, penye kivuli, majani yalikuwa mafupi, na moto ulipita chini chini.

Basi omba ruhusa kwa chifu na kwa ofisi ya mazingira. Ondoa mti uliokauka na ule unaogusa paa. Kisha palilia majani kuzunguka nyumba yote sasa, yangali mabichi.

Baba alijenga tena pale pale. Ule mparachichi ambao wewe ulikuwa ukiokota matunda yake utotoni, aliupanda yeye, kabla hata ya kuezeka paa jipya.

Mimi kambo yako, bibi yako ninayekungoja Likasi