Kontena Moja Zaidi

Guangzhou, Ijumaa alfajiri, 1998

Wengi hukosea wakidhani yule mwandishi wa Kijerumani, ambaye vitabu vyake nilivisomesha miaka mingi kabla ya kuingia biashara, alifia ugenini kwa kuzuiwa kurudi kwao. Vita vilivyomkimbiza vilikwisha, njia ikafunguka. Kila alipoitwa nyumbani alijibu: nikimaliza kitabu hiki.

Jana mke wangu alinipigia simu kutoka Unguja. "Mwalimu, macho yangu yanaondoka. Utakuja nikuone, au nikusikie tu?"

"Kontena hili likitoka bandarini Huangpu, nakuja."

"Kwani lile la mwaka jana halijatoka?" Akacheka.

Tangu hapo namwona yule mwandishi mezani kwangu. Anaandika, hainui kichwa. Na kitabu chenyewe hakukimaliza.

Mizigo ataipakia wakala. Leo, kabla ya kwenda sokoni Zhanxi, nikate tiketi ya Unguja.